Pengo Halikai Tupu

Jioni ile nilikwenda maktaba kwa jambo dogo tu: kuazima kitabu cha nyimbo za kubembelezea watoto. Si nyimbo za kwetu. Za Kijapani.

Nijieleze kwanza, maana watu wakisikia mtu mzima anahangaika na Kijapani hudhani ni mbwembwe. Nafundisha lugha hiyo chuoni, na wakati ule nilikuwa namalizia tasnifu yangu kuhusu nyimbo za wasichana wa zamani waliokodiwa kubeba watoto wa watu mgongoni. Watoto wanaolea watoto. Nyimbo zao si tamu. Lala wewe, zinasema, maana ukilia atakayesemwa ni mimi. Msimamizi wangu alikuwa ananidai sura ya mwisho, na sura hiyo ilikosa kitabu kimoja chembamba.

Kukipata kulinitoa jasho. Vitabu vya Kichina, Kijapani na Kikorea vimeingizwa kwenye katalogi kwa herufi zetu, na kila aliyeviingiza ana namna yake ya kukata maneno. Unatafuta, hakipo. Unaunganisha maneno mawili, hakipo. Unayatenganisha tena mahali ambapo mtu mwenye akili zake asingeyatenganisha... kumbe kipo, kimekaa zake kimya, chumba cha chini kabisa.

"Huko chini?" akaniuliza Dada wa Kaunta. Huyu ni mkutubi, mcheshi, anayejua habari za chuo kizima kabla wenye habari hawajazijua. "Mwalimu, una moyo."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Hakuna hata kompyuta. Ile mali aliiacha daktari mmoja aliyeishi nchi za huko miaka na miaka, na wosia wake ulisema utaratibu wake usibadilishwe. Alikuwa mgumu huyo! Hakuazimi kitu bila rehani. Nenda, yupo mama atakusaidia."

Nikashuka.

Taa za kule huwaka mstari mmoja unapopita, na kuzimika nyuma yako. Palinuka dawa ya nondo na karatasi kuukuu. Nyuma ya rafu ya mwisho, kwenye kijimeza, alikaa mama wa makamo mwenye sweta ya kijivu. Mbele yake palikuwa na kikombe cha chai iliyotoka kuchemka. Mvuke wake ulipanda mpaka machoni kwake, naye hakupepesa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akainua kikombe, akanywa. Hakupuliza. Hakuonja kwa ncha ya mdomo kama sisi wengine. Alimeza funda zima, kisha la pili, akakitua, akanitazama.

Mimi koo ndilo lililoniwasha.

Nikamtajia kitabu. Akanionyesha rafu kwa kidevu. Hapo ndipo nilipoona utaratibu wa daktari. Kila kitabu kilichoazimwa, mahali pake palikuwa na kibao chembamba cha mti, na kwenye kibao imechomekwa kadi ya msomaji. Lakini rafu za chini, zenye vumbi, hazikuwa na vibao. Kwenye pengo moja palikuwa na kitana. Kwingine hereni, moja tu. Kwingine kifungo cha koti.

Kitabu changu nilikikuta. Jalada la buluu, chembamba, kimeshonwa kwa uzi. Nilipokichomoa mkono wangu uligusa ndani ya pengo.

Palikuwa na joto, kama kitanda ambacho mtu ametoka sasa hivi.

"Kadi," akasema yule mama. Alikuwa nyuma yangu. Sikumsikia akiinuka.

Nikatafuta kwenye pochi. Kadi haikuwepo, nilikuwa nimebadilisha mkoba asubuhi. Nikaanza kubembeleza. Nikamwambia mimi ni mwalimu, Dada wa Kaunta ananijua, kesho asubuhi nitaileta.

"Weka kitu," akasema. "Pengo halikai tupu."

"Kitu gani?"

"Kitu chako."

Simu nisingeweza kuiacha, wala funguo. Chini ya pochi nikapapasa kitu laini: utepe mwekundu wa nywele. Nilikuwa nimemfungua mwanangu asubuhi ile, akilalamika kwamba unambana, na nywele zake mbili tatu zilikuwa bado zimenasa kwenye fundo.

"Huo ni wako?" akauliza.

"Wa mwanangu. Cha mtoto si ndicho cha mama?"

Aliutazama utepe, akanitazama mimi. Kisha akasema, kwa sauti ndogo sana, "Haya."

Nikauweka utepe ndani ya pengo, nikaenda zangu. Taa zikazimika nyuma yangu, mstari mmoja mmoja.

*

Mwanangu tulimwita Kengele. Jina alipewa na Mama Mdogo, mdogo wake marehemu mama yangu, ambaye tunaishi naye, kwa sababu tangu siku anazaliwa akilia mtaa mzima unajua. Akijikwaa, kengele. Akinyimwa sukari, kengele. Na kicheko chake hivyohivyo. Baba yake, anayefanya kazi mbali na kuja mara mojamoja, alikuwa akituambia tumpe simu Kengele ili masikio yake yapate kuzibuka.

Usiku ule alikula, akaoga, akalala. Hakuimba bafuni. Nikashukuru Mungu kwa utulivu, nikafungua kitabu changu.

Kesho yake ilikuwa siku isiyo ya shule. Mama Mdogo alikuwa anapiga pasi sebuleni, akaiacha imesimama aende kuitikia mlangoni. Mimi nilikuwa chumbani na kamusi. Nikasikia Kengele ananiita. Hakupiga kelele. Aliita kama mtu anayeuliza saa.

"Mama."

"Nini?"

"Kuna kitu kinanuka."

Na kweli. Harufu ilinifikia kabla sijainuka. Harufu ya... nyama.

Nikatoka.

Alikuwa amesimama kando ya meza, amenigeukia, ananitazama kwa uso wa kawaida kabisa. Kiganja chake kilikuwa juu ya pasi.

Kilikuwa pale pale, kimetulia.

"Mama," akasema, "unasikia?"

Sikumbuki nilivyomwondoa. Nakumbuka kelele nyingi, na kelele zote zilikuwa zangu na za Mama Mdogo. Mwenye mkono alituangalia tukilia kama anayetazama majirani wakigombana.

Hospitali walimsafisha, wakamfunga bendeji. Daktari alimchoma sindano kwenye vidole vya mguu, akamgonga magoti, akampima hiki na kile. Mishipa yote ilikuwa sawa. "Mtoto wako ni shujaa," akaniambia, lakini hakuwa anacheka.

Nilimtekenya njiani. Alinisubiri nimalize. Baba yake alipopiga simu, akalia yeye, akamwambia anakuja, mtoto akamjibu, "Sawa."

Niliogopa. Najua niliogopa, nakumbuka kwamba niliogopa, kama unavyokumbuka jina la mtaa uliowahi kupanga zamani. Nilikaa chini bafuni nikauma taulo asinisikie. Mtoto asiyesikia maumivu hafiki mbali. Atakanyaga msumari atembee nao. Atakunywa maji ya moto. Atakufa ananiuliza kinachonuka ni nini.

"Siku hizi unaleta nini humu ndani?" akaniuliza Mama Mdogo. Alikuwa ananitazama mimi, si mtoto. "Mwanangu, nakuuliza. Umeleta nini?"

"Kitabu tu. Nimeazima."

"Kwa nani?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikaiona ile chai. Nikaona mvuke unapanda machoni mwa yule mama, na funda linavyoshuka.

"Kukopa harusi, kulipa matanga," akasema Mama Mdogo. "Kakirudishe."

*

Jua lilikuwa linazama nilipofika. Sikusimama kaunta. Nikashuka mbio na kitabu kifuani, taa zikiwaka mbele yangu kama zinanikimbia.

Pengo halikuwepo.

Vitabu vilikuwa vimesukumwa vikabanana, mstari umenyooka, safi. Kitana hakipo. Hereni haipo. Vumbi limefutwa. Nikapitisha vidole rafu nzima nikitafuta mwanya, sikuupata.

Nikapanda tena juu.

"Ah, tumepanga!" akasema Dada wa Kaunta kwa furaha. "Wamesema chumba kinafungwa, vitabu vinahamishwa. Leo asubuhi tumeshuka watu wote wa zamu ya mchana. Huwezi kuamini takataka tulizokuta. Unajua mtu akitoa kitabu, vingine vinalala, vinavunjika migongo. Sisi tukiona pengo tunasogeza."

"Utepe mwekundu..."

"Nenda kwenye boksi la vilivyopotea, uko hapo. Mwalimu, kwani ni wako?"

Niliupata kati ya miwani na vifuniko vya kalamu. Nilitaka kuukumbatia. Nikampigia Mama Mdogo nikiwa bado pale pale.

"Mfinye," nikamwambia.

"Nini?"

"Mfinye Kengele, mama. Tafadhali."

Akaiweka simu chini. Kisha nikamsikia akirudi kwenye simu, sauti imemkauka. "Nimemfinya. Ananiuliza kama nataka kitu."

Nilishuka mara ya pili polepole.

Yule mama alikuwa kwenye kijimeza chake. Chai ilikuwa inatoa moshi.

"Utepe ninao," nikasema. "Na kitabu nimekileta. Mrudishe mwanangu."

"Nani aliutoa?"

"Wafanyakazi. Walikuwa wanapanga."

Akatikisa kichwa. "Hao wametoa kitambaa. Aliyeweka ndiye anayetoa, na pengo likiwa wazi. Sasa limefungwa, na mwanao yumo ndani."

"Nilikwambia ni wa mwanangu! Kwa nini hukunikataza?"

Alifikiri. Nilimwona akifikiri, anatafuta ndani yake jibu la swali hilo.

"Ningekukataza," akasema, "kama ningekuhurumia."

Hakulisema kwa ubaya. Nadhani hilo ndilo lililonivunja. Nikaanza kulia pale pale, kilio kibaya cha makamasi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Yule mama alinitazama kwa makini, karibu kwa hamu, kama mtu anayejaribu kukumbuka wimbo.

"Kitabu peke yake hakitoshi tena kumtoa. Chako unacho?" akaniuliza.

Nikaelewa.

Nikatafuta. Na hapa, hata leo, naona palistahili kicheko. Pete nimevishwa na mume. Simu ya ofisi. Mkoba nimeazima kwa Mama Mdogo. Nikashika nywele nikate msuko mmoja, nikakumbuka msuko wenyewe ni wa dukani. Mtu mzima na elimu yake, na mwilini hana kilicho chake! Mwishowe nikauma ukucha wa kidole gumba, nikaung'oa na kipande cha nyama yake. Damu ilinitoka. Uliniuma sana ule ukucha. Naukumbuka kwa heshima, maana ndiyo mara ya mwisho kitu kuniuma.

Yule mama akavitenganisha vitabu kwa mikono miwili. Pengo likafunguka. Ndani palikuwa na giza kuliko inavyofaa kwa rafu ya kina kifupi kama ile. Joto likanipiga usoni.

"Urudishe utepe kwanza."

Nikaurudisha.

"Sasa weka chako. Halafu uutoe. Usiache kuvuta."

Nikaweka ukucha. Nikashika ncha ya utepe, nikavuta.

Haukuja.

Kulikuwa na mtu upande wa pili.

Hakuvuta kwa nguvu. Alishikilia tu, kama mtoto anavyoshikilia kitu ambacho anajua si chake lakini amekizoea. Nikasikia pumzi. Nikasikia, chini sana, mtu akibembeleza kwa sauti isiyo na maneno, sauti ya mtu aliyechoka kubeba. Harufu ya dawa ya nondo ikazidi mpaka macho yakanitoka machozi.

"Niachie," nikanong'ona. "Niachie wangu. Nimekupa mimi."

Utepe ukalegea.

Hapohapo simu ikaita mfukoni. Nikapokea. Kabla Mama Mdogo hajasema neno nilisikia kengele. Alikuwa anapiga kelele za mkono uliochomwa na pasi, kilio chote cha siku mbili kimemjia kwa mkupuo.

"Analia!" Mama Mdogo naye analia. "Mwanangu, unamsikia? Analia huyu!"

Nilimsikia. Nilikuwa nimeisubiri sauti ile kwa kufa na kupona. Nikangoja furaha ije.

"Sawa," nikasema.

Yule mama akanisogezea kikombe chake. Nikanywa. Haikuwa ya moto wala ya baridi.

"Ukikirudisha kitabu mahali pake, chako utakitoa," akasema. "Wengi hawaleti."

"Kwa nini?"

Akajimiminia chai nyingine. Sasa naweza kumjibia. Kitabu kilikuwa mkononi mwangu, pengo liko mbele yangu, ningeweza kugeuka nimalize mambo. Lakini haraka nayo ni hisia. Kutaka ni hisia. Nilijua kwamba inafaa kukirudisha, kama ninavyojua kwamba inafaa kufagia uvungu wa kitanda. Nikasema kesho. Nikaenda nyumbani.

Nilipokumbuka kurudi, chumba kilikuwa kitupu, hata rafu zimeng'olewa. Masanduku yalikwishapakiwa, na Dada wa Kaunta hakujua yamepelekwa ghala gani. Nikamuuliza juu ya yule mama.

"Yule? Alistaafu zamani. Alikuwa anakuja tu kukaa, na sisi hatukumfukuza, maana hana neno na mtu. Anasema kuna kitabu anakisubiri, alimwazima ndugu yake akapotea nacho." Akainama karibu. "Kuna siku tulimkuta kitini hita imemchoma mgongo, hana habari. Mwalimu, kitabu chako nacho baki nacho tu. Tumeshakifuta kwenye katalogi."

*

Sasa ni muda mrefu. Tasnifu nilimaliza, wanasema ni nzuri sana. Nimeungua mikono mara kadhaa, nimejifunza kuangalia. Baba yake alipokuja nilimwandalia chakula, nikamkalisha, nikacheka pale anapopenda nicheke. Akamwambia Mama Mdogo faraghani kwamba nimekuwa mtulivu. Tangu siku ile ya pasi Mama Mdogo huniandalia maji ya kuoga na kuyapima mwenyewe kwanza kwa kiwiko, kama anavyoogeshwa mtoto mchanga.

Kengele yeye ni mzima. Analia, anacheka, anakera. Amebaki na kovu kiganjani, na mchezo mmoja. Akinikuta nimekaa hupanda mapajani, akanifinya mkononi.

"Hapa je, Mama?"

"Hapo nasikia," namwambia.

"Na hapa?"

"Hapo pia."

Ananitazama usoni, kisha anajifinya yeye mahali palepale, kwa nguvu, mpaka machozi yanamlengalenga. Nadhani anataka kulinganisha. Yule mama chumbani alinitazama hivyo.

Kitabu cha buluu nilikuwa nimekiweka kwenye rafu ya sebuleni, kati ya kamusi mbili. Sikukificha. Mtu huficha anachokiogopa.

Juzi nilirudi kazini jua linazama. Mama Mdogo alikuwa uani anaanua nguo. Nyumba ilikuwa kimya. Nikaweka mkoba, nikaona kwenye rafu, kati ya kamusi mbili, kitu chekundu.

Utepe. Umekunjwa vizuri, umesimamishwa mahali pa kitabu.

Kengele alikuwa sakafuni nyuma ya kochi, kitabu kimefunguliwa mapajani. Alikuwa amekifungua kwa upande wa kulia, kama vinavyofunguliwa vitabu vya kule. Kidole chake kilikuwa kinashuka kwenye mistari, juu kwenda chini, kisha mstari unaofuata kushoto. Hajui kusoma hata vyetu sawasawa. Na alikuwa anabembeleza. Sauti ndogo, ya mtu aliyechoka kubeba.

"Nani kakufundisha?"

"Nimekiazima," akasema, hakuinua uso. "Nataka kumtafutia Mama ukucha wake."

"Mama wa nani?"

"Wangu." Akafunua ukurasa. "Usiutoe utepe. Pengo halikai tupu."

Mimi sijawahi kumwambia maneno hayo, wala habari ya ukucha. Sijawahi kumwambia mtu yeyote.

Nikajua kwamba hapa ndipo mtu hupiga yowe. Hapa ndipo mama huruka akamnyang'anya mtoto, akachoma kitabu, akaita majirani. Nilipita hatua zote hizo kichwani, moja baada ya nyingine, na hakuna hata moja iliyonisukuma. Nje nilimsikia Mama Mdogo akikung'uta shuka.

Nikachuchumaa mbele ya mwanangu. Nikaushika mkono wake, ule usio na kovu, nikatafuta mahali laini juu ya kiwiko.

Nikamfinya.

Nikakaza vidole, nikamtazama usoni, nikasubiri alie.